Chupa za Nyangao

Baba alilipwa na idara ya maji
kusoma namba kwenye ubao
uliopigiliwa kwenye nguzo ya daraja,
saa moja asubuhi, saa kumi na moja jioni,
na kila masika achote chupa moja ya Lukuledi,
aifunge, aiandike tarehe kwa penseli,
angoje gari kutoka Mtwara.

Gari lilikuja miaka miwili.
Baba alichota kumi na tisa.

Kwa hiyo dirisha letu lilikuwa na mto
uliosimama:
chupa za soda, za dawa ya kikohozi,
moja ya manukato ya mama.
Wageni waliuliza, hii dawa ya nini?
"Hii ni Masasi," alisema, "inahama."

Jumapili alinikalisha, akatikisa moja.
Tazama, Somoe. Usipepese.
Mchanga ulianguka kwanza, puu,
kama mgeni aliyechoka njiani
asiyengoja kuonyeshwa kitanda.
Kisha mchangatope, taratibu,
kama watu watokao msibani,
wawili wawili, wakinong'ona.
Mwisho ule laini wa kufinyangia vyungu,
nao haukutua.
Kesho yake uko vilevile, chai ya maziwa.
Kesho kutwa vilevile.
"Maji hayana nguvu," alisema, "yana haraka.
Haraka ikiisha yanatua mizigo,
mzito kwanza."

Na upepo aliuwekea daftari.
Kusi ya Juni ikipita mikoroshoni,
vijana na mashine mgongoni wakipuliza salfa,
unga wa manjano ulitufikia dirishani,
juu ya vumbi jekundu la barabara,
na Septemba, juu ya salfa, jivu la mashamba.
Upepo ni ungo, alisema:
chenga zinabaki nyumbani,
unga unakwenda kwa jirani.
Mama akapitisha kitambaa.
"Umefuta mwaka mzima!"
"Utaletwa mwingine," mama akajibu,
"huo hauna likizo."

Tulimzika Machi. Udongo ulikuwa umelowa,
uling'ang'ania majembe,
vijana wakaukwangua kwa vijiti.

Ilipofika arobaini yake nikaishika chupa ya mwisho,
tarehe imeandikwa kwa mkono uliotetemeka,
na maji yake bado chai.
Nikasema, hii haitatua.

Mama alizaliwa Lindi, kwenye mabwawa ya chumvi.
Akaja na chumvi kwenye ncha za vidole,
akaidondosha chupani,
akatikisa mara moja, kama anayerekebisha mchuzi,
akarudi jikoni.

Nikaona chembe zikitafutana.
Zilizokataana siku arobaini
zikashikana mabega,
zikawa nyuzi, zikawa vitambaa vilivyochakaa,
zikashuka.
Ugali haujaiva,
nikauona msumari wa dirisha
kupitia maji.

"Kule kwetu ndivyo mto unavyofanya,"
sauti yake ikaja pamoja na moshi.
"Unabeba, unabeba, unabeba,
ukifika ghubani, ukionja bahari tu,
unaachia.
Unadhani mikoko inasimama juu ya nini?
Juu ya Masasi hiyo hiyo ya baba yako.
Miaka yote ile hakuniuliza."

Sikujua nicheke.
Kanuni ya kwanza ya idara, aliyonikaririsha
kabla sijajua kusoma:
chupani usitie kitu.

Nikachukua penseli.
Chini ya tarehe yake nikaandika:
imetiwa chumvi. Tope, nusu kidole.
Nikairudisha mahali pake,
kwenye duara safi iliyoliacha vumbini.

Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia.
Nikavaa kandambili,
nikateremka darajani kusoma ubao.